Je, Wajua Kwa Nini Taka Hurudi Ufukweni Mombasa Kila Bamvua?

Jumamosi vijana wa usafi walizoa taka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Bamburi tunapopaita Pirates, mpaka mchanga ukang'aa. Jumatatu alfajiri nikapita hapo kwa miguu: chupa, vifuniko, nepi na patipati za mguu mmoja mmoja zimelala tena juu ya ule mstari wa mwani mweusi. Nikadhani ni watu wa wikendi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando ya ngalawa akanicheka. "Kwani hukuangalia mwezi, mwanangu? Jana ilikuwa bamvua."

Mzee alisema kweli. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja: hiyo ndiyo bamvua. Maji ya Mombasa siku hizo hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa mita 1 na ushei tu.

Sasa ingia kwenye mikoko ya hori la Tudor, upande wa Tudor au Mikindani, wakati wa maji mafu. Kila kilichoporomoka kutoka mitaroni kimenasa kwenye mizizi: mifuko ya unga, vipande vya sponji, chupa zilizojaa tope nusu. Maji hayafiki huko juu, kwa hiyo taka inakaa. Bamvua ikija, maji yanapanda mpaka kule yasikofika siku nyingine, yanakiinua kila kinachoelea, kisha yakipwa yanatoka nacho kwa kasi kupitia mlango wa bahari ulio kati ya Mji wa Kale na Nyali.

Nje ya mlango kuna mkondo wa pwani, ambao hapa kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hupungua nguvu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, tangu Aprili hivi hadi Septemba, mkondo huwa mkali, na upepo nao unatoka baharini ukisukuma vinavyoelea kuja nchi kavu. Nyali na Bamburi ziko kaskazini ya mlango. Hapo hesabu imekamilika. Tena mwanzo wa kusi ndio masika, wakati mito ya Kombeni na Tsalu inapomwaga maji mengi Tudor pamoja na yote iliyoyakumba njiani.

Na zile meli, na nchi za nje, ambazo watu huzilaumu kwa taka hii? Zimo pia. Okota chupa uitazame. Ikiwa imeshikwa na vijidudu vya magamba meupe vyenye shingo laini kama mpira, hiyo imeelea wiki nyingi baharini. Pwani ya Kenya zimeokotwa hata chupa zenye maandishi ya Indonesia, zilizovuka bahari nzima na mkondo unaotoka mashariki. Lakini chupa ambayo lebo yake bado inasomeka, haina gamba hata moja na bei imeandikwa kwa shilingi, hiyo ni mwenyeji. Karibu na mji, wenyeji ndio wengi.

Juhudi zipo, na nyingine zimezaa matunda. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni 4, na mwenye kumbukumbu ya mistari ile ya zamani ya taka ufukweni ataiona tofauti. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazitakiwi kwenye maeneo ya hifadhi, fukwe zake zikiwemo. Sheria nzuri, ila inamfaa mtu anayekuja na chupa mkononi. Chupa inayokuja na maji haisimami getini kupekuliwa. Jaa la Kibarani, lililokuwa likimwaga uchafu ukingoni mwa maji, lilifungwa na pakapandwa miti. Lamu nako, jahazi la Flipflopi liliundwa kwa takriban tani 10 za plastiki zilizookotwa na kuvishwa vipande vya patipati 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Nalipenda jahazi hilo, ingawa patipati tunazotupa hazitaisha kwa kuunda majahazi.

Ningekuwa mimi ninayepanga siku za usafi, ningeshika kalenda ya mwezi kwanza. Ufuo ungengoja. Watu ningewapeleka mikokoni wakati wa maji mafu, siku chache kabla ya bamvua, taka ikiwa bado imenasa palepale kwenye mizizi, haijaelekea kokote. Shida ni kwamba huko tope linafika magotini, mbu hawana huruma, na wapiga picha hawaji.