Walimu wa sayansi kupeana mbinu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mwalimu mpya wa fizikia au kemia akiripoti kituoni hukabidhiwa ratiba ya vipindi, kitabu cha kiada na funguo za chumba kinachoitwa maabara. Yatakayomfaa zaidi hayamo humo. Yamo kwa mwenzake wa meza ya jirani aliyekwisha kuifundisha mada ileile mara nyingi. Tanzania imelitambua hilo: Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yamejengwa juu ya jumuiya za kujifunza, yaani walimu kukaa pamoja na kulijadili somo. Kenya ilianza mwaka 1998 mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari kwa ushirikiano na Japani, na kazi hiyo leo inaendelezwa na CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kilichoko Karen, Nairobi. Kwa hiyo njia zipo. Kinachozikwamisha mara nyingi ni imani zetu wenyewe kuhusu nani amfundishe nani. Nyingine tumezishikilia sisi wa siku nyingi, nyingine wanakuja nazo vijana kutoka vyuoni.

"Mkongwe anatoa, mgeni anapokea"

Chukua jaribio la mshumaa, maana karibu kila mwalimu wa sayansi amelifanya. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unawashwa, unafunikwa na glasi. Mwali unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Maelezo tuliyorithishana ni kwamba mshumaa umemaliza oksijeni, ambayo ni asilimia 21 ya hewa, na maji yamepanda kuijaza nafasi yake. Yanavutia kwa sababu mara nyingine maji hufika karibu moja ya tano ya glasi, na hapo hesabu inaonekana kukubali.

Ukweli ni mwingine. Mshumaa huzimika ilhali oksijeni bado ipo, takriban asilimia 16 ya hewa iliyofunikwa. Tena oksijeni iliyotumika haitoweki. Inageuka kabonidayoksaidi na mvuke. Kinachoyapandisha maji hasa ni joto. Glasi inaposhushwa juu ya mwali, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, na sehemu yake inatoroka. Inama macho yawe usawa wa meza, utaona mapovu yakitoka ukingoni mwa glasi. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, mvuke unarudi kuwa maji, na mgandamizo wa hewa ya nje unayasukuma maji kuingia. Ndiyo maana yanapanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, si wakati unawaka. Ukitaka kumaliza ubishi, washa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Kama sababu ingekuwa oksijeni, maji yangefika kimo kilekile, kwa kuwa hewa iliyofunikwa haijaongezeka. Utaona yanapanda zaidi.

Mtu anaweza kulieleza kosa hilo kwa miaka ishirini, kwa moyo mkunjufu na kwa ubao uliopangwa vizuri, na miaka hiyo isilisahihishe. Anayeweza kulisahihisha ni mwalimu wa mwaka wa kwanza anayeuliza mbona maji yanasubiri moto uzimike, au anayelirekodi jaribio kwa simu na kulirudisha polepole darasa zima lione mapovu. Namwona huyo ni hazina kwa idara, na mkuu wa idara anayemwambia asubiri azoee kazi kwanza anaipotezea shule.

Ila wapo vijana wanaoipindua dhana hii na kuyaona yote ya wakongwe yamepitwa na wakati. Nao wanakosea. Kuna mambo ambayo hayapo katika kitabu chochote cha kiada, mkongwe anayajua kwa sababu ameyaona yakijirudia. Pendulamu, kwa mfano. Uzi wa mita 1, ukipimwa hadi katikati ya jiwe, unakwenda na kurudi kwa karibu sekunde 2. Wanafunzi wanaambiwa wapime muda wa mibembeo 20, waugawe kwa 20, wakokotoe kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, wakitarajia kitu karibu na 9.8. Darasa zima linapata 10.9. Mwalimu mpya anahangaika na uzi, anabadilisha jiwe, anapima upya urefu. Mkongwe akipita dirishani anasikia tu wanavyohesabu. Wanasema "moja" wakati wa kuachia jiwe badala ya kusema "sifuri", kwa hiyo mibembeo waliyopima ni 19, sekunde 38 badala ya 40. Tatizo lote liko kwenye neno la kwanza la kuhesabu.

"Bila maabara hatuna cha kupeana"

Jiwe, uzi na saa ya simu vimekwisha kujibu sehemu ya hoja hii. Juisi ya choya inajibu nyingine: rangi yake nyekundu inang'aa zaidi ikikutana na limau na inageuka kijani ikikutana na maji ya majivu, na hapo kidato cha pili wanatenganisha asidi na besi kwa vitu vilivyotoka sokoni na jikoni. Walimu wengi pia wana vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Tanzania ya 2022. Programu za kuigiza majaribio za PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, hazilipiwi, na ukishazipakua zinafanya kazi pasipo mtandao. Zinafaa sana kwa yale yasiyoonekana kwa macho, kama mwendo wa chembe ndani ya gesi. Hazifai kuchukua nafasi ya jiwe na uzi, maana kwenye kioo hakuna mtu anayekosea kuhesabu.

Hapa ninamkumbuka Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, aliyepewa tuzo ya kimataifa ya ualimu mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, mtandao wa kusuasua, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Klabu ya sayansi aliyoilea ilitoa wanafunzi waliobuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakashindana nacho kitaifa. Watu wanapomtaja hupenda kutaja tuzo ya dola milioni 1. Kwangu kilicho kikubwa zaidi ni kwamba alianza na tatizo la mtu aliye karibu, ambalo halihitaji chupa za kemikali.

"Chochote cha nyumbani kinafaa kuwa kibadala"

La, na hili lisemwe bila kuzunguka. Asidi ya betri ni asidi ya salfa kali. Haipimwi kwa makadirio, na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji polepole, kamwe si maji kwenye asidi. Katika jaribio la kutafuta wanga kwenye jani, spiriti haichemshwi juu ya jiko linalowaka. Mwanafunzi wa mstari wa mbele ndiye atakayeungua. Chemsha maji, ondoa moto kabisa, kisha tumbukiza chupa ya spiriti yenye jani ndani ya maji hayo ya moto. Mwalimu anayempa mwenzake kibadala bila kumpa na tahadhari yake amempa nusu, na ni ile nusu ya hatari.

"Mwalimu wa sayansi akikosa jibu amejivunjia heshima"

Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wenzake walikuwa wanaiwahi, akaingiza yake yakiwa ya moto. Ya kwake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza ya baridi. Erasto Mpemba alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaufanya msemo.

Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, akaja kuzungumza shuleni. Mpemba akasimama na kuuliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, mbona ya moto yanatangulia kuganda? Wanafunzi walicheka. Osborne hakuwa na jibu na hakujifanya analo. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala yenye majina yao wawili ikachapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia.

Ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha vipimo vyao na kueleza kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa jambo hilo, na kwamba hata mahali pa kuweka kipimajoto kunaweza kubadili matokeo. Hilo halipunguzi thamani ya alichofanya Osborne. Aliposikia swali asilolijua alilipeleka kwenye jaribio. Katika kikao cha idara, mwalimu mpya anayesema "hili nimeulizwa darasani sikulijua" anastahili jibu la namna hiyo: tutalijaribu lini, kwa vyombo gani? Wakongwe tukianza kwa kusema jambo kama hilo sisi wenyewe, vijana watasema bila woga.

"Wakifurahi wameelewa"

Povu likipanda, moshi ukitoka, darasa likashangilia, tunaondoka tumeridhika. Waulize kesho mti unapata wapi uzito wake, hata baada ya majaribio mazuri ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, na wengi watakujibu: kwenye udongo. Ni imani ya kale na ina mantiki yake, kwani mkulima anatia mbolea ardhini. Jan Baptist van Helmont, wa Ubelgiji ya leo, aliijaribu: alipanda mti wa kilo 2 na kidogo katika udongo uliokaushwa wa kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafika kilo 77 hivi, udongo ukapungua kama gramu 60 tu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648. Yeye akahitimisha kwamba mti wote ni maji, naye hakupatia, kwa sababu hakuwa anajua kuhusu kabonidayoksaidi inayoingia kupitia majani.

Kisa hicho ninapenda kukitumia hivi: kabla ya kutaja matokeo, kila mwanafunzi aandike udongo utapungua kilo ngapi. Namba zao ndizo zinazonionyesha wanachokiamini, kuliko mikono iliyonyooshwa. Namba hizo ndizo za kupeleka kwenye jumuiya ya kujifunza, si taarifa kwamba kipindi kilichangamka.

"Kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza"

Vijana wengi wanatoka chuoni na hii: yule anajifunza kwa kuona, huyu kwa kusikia, tuwagawe. Mwaka 2008 kundi la wanasaikolojia wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwepo, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha ugawaji huo. Mada ndiyo inayodai njia yake. Umbo la seli linahitaji mchoro kwa wote.

"Kupeana mbinu ni kutumiana andalio la somo"

Makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa maandalio na mitihani. Vina kazi yake, lakini andalio linaonyesha ulichokusudia, halionyeshi kilichotokea. Wajapani wana utaratibu wa zaidi ya miaka mia wa kuandaa kipindi kimoja kwa pamoja: mmoja anafundisha, wengine wanakaa darasani kuwatazama wanafunzi, si kumtazama mwalimu, halafu wanakaa kukirekebisha. Shule yenye walimu wawili wa sayansi inaweza kufanya hivyo mara moja kwa muhula bila kuomba fedha kwa mtu.

Na anayetaka kumtumia mwenzake kitu kifupi, aandike namna hii: choya kavu kiganja kimoja, maji ya moto glasi mbili, chuja baada ya dakika kumi. Majivu yawe ya kuni, loweka usiku kucha, tumia maji ya juu tu. Swali kabla ya jaribio: sabuni ya mche itakuwa upande wa limau au wa majivu? Andika waliosema limau walikuwa wangapi na walitoa sababu gani. Kijani cha kwenye maji ya majivu hugeuka manjano kikiachwa, kwa hiyo wanafunzi waandike rangi papo hapo, na juisi isiwekwe hadi wiki ijayo kwa sababu inaota ukungu.