"Ametahiriwa na malaika"? Mleteni kwanza tumwangalie

Jamani, leo naomba tumalizane na hii maneno ya malaika. Mtoto wa kiume anazaliwa, jaja (bibi yake) anamgeuza, anaona govi halijafunika kichwa cha uume, basi nyumba nzima shangwe, ati mtoto wa baraka huyu, malaika wamemtahiri akiwa bado tumboni. Nalisikia kwa watu wa Bombo, kwa watu wa Arua, kwa watu wa Kisenyi hapa hapa Kampala, na siku hizi hata wasiokuwa Waislamu wananiletea hiyo hiyo. Baraka sikatai, mtoto gani si baraka? Ila mara nyingi hiyo ni haipospadiasi. Tundu la mkojo halikufika mbele, limeishia upande wa chini, inaweza kuwa karibu tu na kichwa, inaweza kuwa katikati, inaweza kuwa mpaka kwenye pumbu, na govi nalo upande wa chini halikufunga, limerundikana lote juu. Si kitu cha ajabu wala si laana ya ukoo, inampata karibu mvulana 1 kati ya 200 hadi 300.

Kwa hiyo usibaki kutazama govi. Mtazame akikojoa. Mkojo unatokea wapi? Kama unashuka unamlowesha mapaja badala ya kwenda mbele, na asubuhi uume ukisimama unapinda kuelekea chini, huyo mleteni.

Sasa hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Wengine wanaona kabisa kuna kasoro, wanasema sawa, tumtahiri kwanza tumalize hiyo, mambo ya tundu tutaangalia akiwa mkubwa. Banange! Hilo govi ndilo kitambaa chetu sisi wapasuaji cha kushonea. Njia ya mkojo inayokosekana tunaitengeneza kwa ngozi ile, na hata pale ambapo hatuitumii kwa njia yenyewe tunachukua tabaka lake la chini tunafunikia mshono usivuje. Ukishalikata likaenda kwenye ndoo, na tundu liko mbali na kichwa, inabidi tumfungue mtoto mdomo tutoe ngozi laini ndani ya shavu, tuipandikize, tumrudishe nyumbani, tungoje karibu miezi sita, ndio tumrudishe thieta kumalizia. Operesheni mbili, nusu kaputi mbili, nauli mbili kutoka Koboko, kwa sababu ya kitu cha dakika ishirini ambacho hakikuwa na haraka. Kama tundu liko pale pale karibu na kichwa bado tunaweza kufanya kazi bila govi, hilo nakubali, lakini wewe nyumbani huwezi kupima ni aina gani, kwa hiyo usiguse.

Na kwa wanaohofia upande wa dini, tulieni, kwa sababu tukimaliza kutengeneza mara nyingi govi linakuwa limeshatumika au tumelitoa, yaani mtoto anatoka ametahiriwa tayari. Kazi moja, mambo mawili. Nimeshawaeleza mashehe na wanaelewa haraka kuliko mashangazi.

Ninyi mnaotahiri pia, awe ngariba, nesi au watu wa kambi za tohara, ombi langu ni moja, angalia tundu kabla ya wembe. Kuna aina nyingine ambayo govi limefunika vizuri kabisa, kasoro inaonekana ukishalivuta nyuma. Ukiiona hapo, simama. Mrudishie mama mtoto wake na govi lake, mwandikie rifaro, yaani barua ya kumpeleka kwa mpasuaji.

Umri? Kati ya miezi 6 na 18 ndio wakati tunaopenda. Bado anavaa nepi, mpira wa mkojo tunauachia humo humo kwa wiki hivi, na akikua hakumbuki kitu. Watu wa Mbale mnanielewa zaidi, mtoto akiachwa hivi hivi mpaka mwaka wa imbalu, ile tohara ya kimila ya Wagisu, ufike, anasimama mbele ya kijiji kizima na kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu, na yeye shuleni miaka yote alikuwa anachuchumaa chooni akijificha wenzake wasimwone. Kwa nini afike huko? Mulago kuna wapasuaji wa watoto, Mbarara wapo, Entebbe kuna ile hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency iliyofunguliwa 2021 na matibabu yake ni bure.

Kitu kimoja hakisubiri hata wiki. Mtoto mchanga tundu liko chini NA kende zote mbili hazishikiki, leteni siku hiyo hiyo. Anaweza kuwa ni msichana ambaye homoni zake zimekaa vibaya, na aina moja ya ugonjwa huo inapoteza chumvi mwilini na inaua ndani ya wiki chache.

Mengine haraka haraka. "Kende itashuka yenyewe akikua." Mpaka miezi sita ndiyo, inaweza, baada ya hapo usitegemee, na ukingoja abalehe kende imeshaiva na joto la tumboni, uzazi unapungua na hatari ya kansa inaongezeka. Mkague baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, kama inashuka ikatulia basi ni ile inayopanda na kushuka tu, mwambie daktari aendelee kuiangalia.

Ngiri ya kinena haiponi kwa kufunga sarafu wala mkanda. Ya kitovu nyingi zinajifunga zenyewe hata bila sarafu yako, ya kinena hapana, na ikigoma kurudi ndani, imekuwa ngumu, mtoto anatapika, hiyo ni usiku huo huo hata kama ni kwa boda.

Govi la mtoto mdogo lisilovutika nyuma si ugonjwa, acheni kulilazimisha mnalichana linapata kovu, halafu ndio linakuwa ugonjwa kweli.

Mvulana mchanga anayekojoa kwa matone, anakamua mpaka uso unabadilika, msiniambie ni baridi. Inawezekana kuna vali, yaani vijikunjo vya ngozi, zimeziba njia ya mkojo ndani, na kila siku mkojo unarudi juu unaharibu figo. Skani ya tumbo haraka.

Na nusu kaputi, mnaiogopa kuliko kisu, lakini kinachomletea mtoto hatari mezani mara nyingi ni uji aliopewa kwa siri alfajiri kwa huruma. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Masaa sita kabla, basi. Ziwa la mama masaa manne, maji matupu masaa mawili, na kama jaja amemlambisha kitu njiani semeni ukweli pale mlangoni, tutabadilisha tu zamu yake, hatugombani.