Rozmari ya Kibuye na makunyanzi yako

Jumapili pale Kibuye, Kisumu, mama mboga akishakufungia dania na nyanya anakuongezea neno: hiyo rozmari usiitie kwenye nyama yote, chemsha upake uso, urudi msichana.

Dhana: Antioksidanti za rozmari hufuta makunyanzi.
Antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia kitu kisiharibiwe na hewa, zipo kweli. Rozmari ina asidi ya kanosiki na ya rozmariniki, na hii ya pili imo hata kwenye minti na rehani. Kazi ya asidi hizi inayojulikana vizuri ni kuzuia mafuta yasiharibiwe na hewa. Ndiyo sababu viwanda vya chakula Ulaya hutumia dondoo ya rozmari kama kihifadhi, namba E392. Ukiiona nyuma ya chupa ya krimu, mara nyingi imewekwa humo kulinda mafuta ya krimu yenyewe. Kinachobaki kijana ni krimu! Seli zikiogeshwa dondoo kwenye kisahani cha maabara huonyesha matokeo mazuri, lakini kisahani hakina ngozi ya juu, ambayo kazi yake ni kuzuia vitu visipenye.

Dhana: Maji ya kuchemsha nyumbani ni dondoo ileile.
Asidi ya kanosiki hupenda mafuta, haitoki vizuri kwenye maji. Na maji hayo yakikaa mezani siku tatu kwa joto la huku, unajipaka vijidudu usoni.

Dhana: Cha asili hakidhuru.
Hapa nina ushahidi wa shingo yangu. Nilitwanga dania, nikakamulia ndimu, nikajipaka, nikanawa harakaharaka na kwenda ufukweni Dunga kula samaki saa saba mchana. Siku ya pili nilikuwa na malengelenge yaliyofuata mistari ileile juisi ilipotiririka, na weusi wake ulikaa miezi. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikipigwa na jua juu ya ngozi, zinaunguza. Tena rangi nyeusi haikukingi na hilo.

Dhana: Ukipaka mitishamba, jua si kitu.
Jua ndilo huzeesha ngozi mapema kuliko kingine chochote kinachoigusa kutoka nje, na Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Melanini, ile rangi ya ngozi, hupunguza makali ya jua, haiyamalizi. Kofia, kivuli, na krimu ya jua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua) vina ushahidi ambao rozmari haina.

Nilimuuliza yule mama kama yeye hupaka. Alicheka, akavuta mwavuli wake abaki kivulini.