Mama huyu alikuwa wapi siku tisa?

Kuna neno moja nimelipiga marufuku kwenye ripoti za asubuhi: "amechelewa". Wastajieri, yaani wanafunzi wa udaktari walio mafunzoni, ninaowafundisha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, walilipenda mno. Mtoto kaletwa kutoka kisiwa cha Idjwi, miguu na uso vimevimba, nywele zimegeuka rangi na zinang'oka kirahisi, na kijana wa mwaka wa mwisho anasoma fishi, karatasi ya mgonjwa: "Kwashiorkor," yaani utapiamlo mkali wa kuvimba. " Mama amechelewa kumleta." Kisha huyo, kitanda kinachofuata.

Nilimrudisha akamuulize mama alipitia wapi.

Ilichukua karibu nusu saa, maana mama anasema Kihavu na kijana wetu, mtoto wa Ibanda hapa mjini, hajui hata kusalimu. Aliyetutafsiria ni dada anayefagia wodi. Siku tisa hizo mama alianza kwa muuza dawa kijijini. Akaenda kituo cha afya, akaambiwa alipe fishi kwanza, akauza kuku. Akangoja boti ya siku ya soko. Na kilichomchelewesha zaidi kilikuwa woga: mwaka uliopita, mahali pengine, alizuiliwa wiki mbili baada ya kupona kwa sababu ya deni, shamba likamezwa na majani. "Docta, ningekimbilia wapi?"

Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika katika The Lancet kwamba huduma nzuri hupungua pale inapohitajika zaidi. Wanafunzi hushangaa: Uingereza, ambako mgonjwa halipi akimwona daktari? Ndiyo. Sasa fikiria kwetu, ambako mgonjwa hulipa kutoka mfukoni.

Umaskini wa Idjwi siwezi kuuondoa kwa somo. Ila dhuluma nyingine tunaitengeneza sisi wenyewe kando ya kitanda. Vitabu vyetu hutoka Ubelgiji na Ufaransa, picha zake ni za ngozi nyeupe. Mwanafunzi anatafuta "weupe wa uso" kwa mtoto mweusi, haoni kitu, anaandika hana upungufu wa damu. Fungua kope la chini, tazama ulimi na viganja! Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kikisema asilimia 94, kana kwamba mambo ni shwari, na mbavu za mtoto zinazama kila akivuta pumzi, amini mbavu.

Semina za "usawa katika afya", zenye bango na soda, sioni zimembadilisha nani. Nilichofanya ni kuongeza mistari michache kwenye fishi: umepitia wapi, umeuza nini, nani amebaki nyumbani. Wastajieri walinung'unika, na nawaelewa. Foleni ni ndefu. Dada wa wodi huwafundisha salamu za Kihavu, na huwacheka sana.

Kijana yule yule ndiye aliyejaza mstari wa mwisho kwa mama wa Idjwi: "Amebaki mdogo wake, miezi 14." Tukampigia simu muuguzi mkuu wa kituo, akamtuma reko, mhudumu wa afya wa kijiji, na utepe wa kupima unene wa mkono. Milimita 112. Chini ya 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Mtoto akaja na boti iliyofuata, amebebwa na nyanya yake, miguu bado haijavimba.