Kabla Hujaandika Kompaila, Andika Programu Kumi za Kukataliwa

Kila mwaka, muhula wa kwanza ukianza tu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho hubisha hodi ofisini kwangu hapa Kampala na pendekezo ninalolijua kabla hajaketi: "Mwalimu, nataka kutengeneza lugha ya programu ya Kiswahili." Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wamezidi. Namwomba daftari lake. Humo `if` imegeuka `kama`, `while` imekuwa `wakati`, `print` ni `andika`. Yaliyobaki yote ni lugha ya programu ya Python.

Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho ninachokitumia kutwa. Lakini hiyo ni kazi ya jioni moja: unabadilisha jedwali la maneno teule, basi. Hakuna swali ndani yake. Angeniuliza kama wanaoanza kujifunza hurekebisha makosa haraka zaidi ujumbe wa hitilafu ukija kwa Kiswahili, ningevuta kiti. Hapo pana utafiti. Ila unahitaji watu wa kujaribu nao, na ukigusa watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kibali hakina haraka. Kiombe wiki ya kwanza au achana nacho.

Afadhali nieleze mradi mmoja nilioupenda. Mwanafunzi mmoja alikuwa na mama anayevusha mayai Busia. Mama huuza kwa shilingi za Kenya na kununua chakula cha kuku kwa shilingi za Uganda, na kwenye daftari lake zote zimeandikwa "sh". Binti akamtengenezea programu ndogo ya hesabu, na siku moja jumla ikatoka ya ajabu: 12,000 za Uganda zilikuwa zimeongezwa 450 za Kenya, jibu likawa 12,450. Kompyuta haikulalamika. Kwake zile ni namba tu.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa, na tulilikuna wiki mbili hadi likawa hivi: je, kikaguzi kidogo cha aina (kinachoangalia kila thamani ni ya namna gani, shilingi za Kenya au namba tupu) kinaweza kuzuia kuchanganya sarafu kabla programu haijaendeshwa, bila kumlazimisha mwandishi kutaja aina katika kila mstari? Angalia lilivyo. Linaweza kujibiwa "hapana". Swali lisiloweza kupata "hapana" ni tangazo la biashara.

Sikumruhusu kugusa kibodi. Nilimwambia aandike kwa kalamu programu kumi ambazo lugha yake ikubali na kumi ambazo ikatae. Moja ilikuwa na mistari mitatu:

chakula = 12000 ug
usafiri = 450 ke
jumla = chakula + usafiri

Ya kukataliwa hiyo, na hata ujumbe wake aliuandika siku hiyo hiyo: "Mstari wa 3: huwezi kujumlisha shilingi za Uganda na shilingi za Kenya." Kanuni za aina zikafuata zenyewe. Ukijumlisha, pande zote mbili ziwe za sarafu moja, na jibu ni la sarafu hiyo. Ukizidisha shilingi kwa namba tupu, unapata shilingi. Shilingi mara shilingi haina maana sokoni, basi ikataliwe. Na kugawanya je? Shilingi za Uganda ukizigawa kwa shilingi za Kenya unapata nini? Alikaa kimya, halafu akacheka: "Kiwango cha kubadilisha!" Ndiyo. Kiwango nacho kina aina yake, na ukikizidisha kwa fedha za Kenya, ya Kenya inafutika na unabaki na ya Uganda. Sura yake ya tatu yote ilitoka katika kicheko kile.

Baada ya wiki tatu akarudi amenuna. Amesoma kwamba lugha ya programu ya F# ina vipimo ndani ya aina, na kwamba Andrew Kennedy alishaliandikia jambo hili tasnifu ya udaktari Cambridge miaka ya 1990. "Mwalimu, wamenitangulia." Nikamwambia afadhali wamekutangulia kuliko kuwa peke yako porini. Wenye vipimo walikuwa wakiwaza mita na kilo, na sababu walikuwa nazo: mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya pauni wakati nyingine ilitarajia nyutoni. Lakini kilomita ni mita 1,000 leo na kesho. Kiwango cha fedha cha asubuhi si cha jioni. Pengo hilo ndilo lilikuwa lake, na mapitio yake ya maandishi yakapata uti wa mgongo badala ya kuwa orodha ya nani alisema nini.

Kuhusu utekelezaji nitasema machache. Andika intapreta, yaani programu inayotekeleza maagizo papo hapo ikitembea juu ya mti wa sarufi (mchoro wa muundo wa maagizo hayo); usiandike kompaila, ambayo kwanza hutafsiri programu nzima kuwa lugha ya mashine. Tumia lugha unayoijua tayari. Mimi mwaka wangu wa mwisho niliahidi lugha yenye kompaila, vitu na mfumo wa kusafisha kumbukumbu, na mwezi wa tatu ulinikuta bado napigana na `else` ("la sivyo") isiyojua ni ya `if` ipi, tatizo lililojulikana tangu enzi za lugha ya ALGOL 60. Kisha umeme ukakatika, kompyuta ikafa, na nakala pekee ilikuwa humo humo. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, haikuwepo wakati ule, lakini flashi zilikuwepo. Uzembe wangu.

Uthibitisho huwatisha wengi bure. Unachotaka kuonyesha ni mambo mawili: programu iliyopita ukaguzi haikwami njiani, na kila hatua ya utekelezaji inatunza aina ileile. Njia hii, iliyonyooshwa na watafiti Wright na Felleisen mwaka 1994, inatosha kwa lugha ya kanuni saba. Ukishindwa kuikamilisha, zalisha programu maelfu kwa bahati nasibu, uone kama ipo inayopita ukaguzi kisha ikakwama, kwa mtindo ambao zana ya majaribio ya QuickCheck iliueneza kuanzia mwaka 2000. Useme wazi kwamba hayo ni majaribio. Hakuna anayekunyima alama kwa kusema kweli. Wanakunyima kwa kuita majaribio uthibitisho.

Na uandike huku unafanya kazi. Yeye alikuwa akinitumia kurasa mbili kila Ijumaa, nyingine mbovu kabisa, nami nilizijaza wino mwekundu.

Programu yake ya kumi na mbili haikutii hadi mwisho. Mama anasoma kiwango asubuhi, anakihifadhi, jioni anakitumia kulipia deni. Aina zinalingana, kikaguzi kinapitisha, hesabu ni ya uongo. Tulijaribu kutia tarehe ndani ya aina na lugha ikavimba hadi haisomeki. Akaiacha, akaiweka sura ya tano pamoja na matokeo yake yalivyo, mstari kwa mstari. Siku ya kujitetea, nusu ya muda wake watahini walikuwa wakibishana wao kwa wao juu ya ukurasa ule.