Vilima vya Momella ni Ubavu wa Mlima Meru

Wageni ninaowaongoza katika Hifadhi ya Taifa Arusha huniuliza karibu kila safari, tukiwa bado garini kuelekea lango la Momella, iwapo vilima vya mviringo vilivyotapakaa kuzunguka maziwa ni volkano ndogo zilizozimika. Kwa macho vinafanana nazo kweli, lakini havijawahi kulipuka. Ni vipande vya Mlima Meru wenyewe.

Ukiutazama Meru kutoka mjini Arusha, unaona mlima mzima uliochongoka. Ni upande wa mashariki tu unaoonyesha kilichotokea: ubavu wote haupo, na mahali pake pamebaki shimo kubwa lenye umbo la boma lililoachwa wazi mlangoni, likiwa limezungukwa na ukuta wa mwamba unaokaribia kimo cha mita 1,500. Mlima wa volkano hujengwa kwa tabaka za lava ngumu zilizolaliana na majivu yasiyoshikana, na mvuke na maji ya moto yanayopenya ndani yake huilainisha miamba polepole, hadi inafika siku ambayo sehemu ya chini haiwezi tena kubeba uzito wa juu, na ubavu unateleza wote kwa pamoja. Maelfu ya miaka iliyopita Meru uliporomoka hivyo, na kifusi chake kikasambaa hadi nyanda za Sanya, chini ya Kilimanjaro. Mapande makubwa yaliyosafiri bila kusagika ndiyo vilima tunavyoviona. Mabonde yaliyobaki kati yake yakajaa maji, yakawa Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni na mengineyo. Wanajiolojia walijifunza kuitambua vyema alama hii baada ya tarehe 18 Mei 1980, ubavu wa kaskazini wa Mount St. Helens, nchini Marekani, ulipoporomoka watu wakishuhudia na kuacha vilima vya namna hiyo hiyo.

Kuna mahali ambapo mkato wa barabara umekifungua tumbo kilima kimojawapo, nami husimama hapo kila nipitapo. Ndani ya udongo wenye rangi ya ugoro limekaa jiwe la kijivu, ukubwa wa debe, lililopasuka vipande saba au vinane, lakini kila kipande bado kinatazamana na mwenzake, kama chungu kilichovunjikia ndani ya gunia. Lava iliyomwagika hapo ingepoa ikiwa imeshikana. Jiwe hili lilipasuka likiwa safarini, na udongo uliolibana ndio ulioyazuia mapande yake yasitawanyike.

Miamba hiyo hiyo ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huichukua. Wengi wetu tuliokulia chini ya mlima huu tuna meno ya kahawia kwa sababu hiyo, na ndiyo maana sichoki kuwasihi wazazi wa huku wasiwape watoto wadogo maji ya chemchemi ambayo hayajapimwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huu hukizidi kwa mbali.

Anayepanda mlima hulala Miriakamba, kwenye mita 2,514, akisindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kisha usiku wa pili huondoka kambi ya Saddle kwenda kileleni, zaidi ya mita 4,500. Njia hupita kwenye ukingo wa ule ukuta gizani, hivyo wengi huukanyaga bila kuuona, na wakati wa kushuka uchovu huwafanya waangalie miguu yao tu. Mimi huwaomba wasimame kwanza palipopambazuka vizuri. Chini kabisa kinaonekana kilima cha majivu kilichoota ndani ya shimo baada ya maporomoko, na mlipuko wa mwisho unaojulikana wa mlima huu ni wa mwaka 1910. Kisha huwaelekeza kule mlango wa boma ulipo wazi, ambako vilima vya Momella, vidogo kama vichuguu kutoka juu, vimejipanga kufuata njia ambayo ubavu ulipita.