Kompyuta Isiyokalafatiwa

Juzi niliingia saiba moja hapa Lamu kuchapisha barua, nikakuta mashine zote zina Windows 7. Nikamuuliza mwenyewe. "Mbona yafanya kazi tu, mwalimu?" akanijibu.

Kweli yafanya kazi. Hata jahazi lililotoka kalafati, ile pamba ya kuzuia maji kwenye viungo vya mbao, huonekana zima likiwa limekaa mchangani.

Mfumo endeshi kama Windows, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, huandikwa na watu, na makosa hayakosi. Mengine huacha mwanya ambao mtu wa mbali anaweza kuingilia. Microsoft huiziba mianya hiyo kwa masasisho ya kila Jumanne ya pili ya mwezi. Windows XP iliachwa kuhudumiwa Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Wengi hawajui kwamba masasisho hayo huwafunza wezi pia. Matoleo mapya yamerithi sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi ya programu, wa yale ya zamani. Sasisho la Windows 11 likitoka, mwizi hulinganisha faili mpya na ya awali, akaona palipozibwa, kisha akajaribu papo hapo kwenye mfumo wa zamani, ambako hakuna wa kuziba.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, wenyewe wakidaiwa dola 300 kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni, ili wafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote: kilipita chenyewe kwenye njia ambayo kompyuta hutumia kugawana mafaili na printa. Nyingi ya zilizoumia zilikuwa Windows 7, nayo wakati ule ilikuwa bado ikihudumiwa. Sasisho la kuziba mwanya huo lilitolewa Machi, ila wenyewe hawakuliweka.

Hapa kwetu fundi akikuwekea Windows ya kukreki, isiyo na leseni halali, mara nyingi huzima masasisho kabisa ili isidai leseni. Umelipa, na mlango umeachwa wazi! Na saiba ndipo watu wanapoandika nywila za eCitizen na kuacha nakala za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Si lazima ununue kompyuta mpya. Mwenye Windows 10 nyumbani anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 hufanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure. Mafaili muhimu yawekee nakala kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo.

Yule wa saiba tumemwekea Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye mashine mbili. Ya tatu inaendesha skana kuukuu isiyokubali mfumo mwingine. Hiyo tumeing'oa waya wa mtandao, ikabaki kuskani tu.